Kabla Hujanunua Kikumi

Askari au polisi anayenunua gari lake la kwanza hapa Uganda aghalabu hanunui gari jipya. Hununua gari lililokwisha kuzunguka nusu ya dunia: liliundwa Japani, likaendeshwa huko miaka kadhaa, likapakiwa melini hadi Mombasa au Dar es Salaam, likapanda bara mpaka Kampala, na tangu hapo likapita katika mikono ya mwalimu, ya mfanyabiashara, ya dereva wa teksi, na ya shemeji wa dereva wa teksi. Miongoni mwa magari ya namna hiyo, Toyota Corolla ile tunayoiita Kikumi ina nafasi yake ya pekee. Ni nadra kupita nyuma ya nyumba za familia kambini usilione moja limeegeshwa chini ya mwembe, mlango mmoja una rangi tofauti na mingine, na watoto wanacheza juu ya buti.

Makala haya hayakusudii kumkataza mtu asilinunue. Mimi mwenyewe ninalo, na limetimiza miaka tisa mikononi mwangu. Nakusudia kueleza uzuri wake na ubaya wake kama nilivyouona, kwa kuwa mwaka juzi nilimnunulia kaka yangu gari la aina hiyo hiyo kwa fedha alizozipata kwa jasho huko Somalia, na kwa kutoangalia jambo moja dogo nilikaribia kuzipoteza zote.

CHETI CHAKE CHA KUZALIWA

Jina Kikumi limetoka katika Kiganda, na maana yake ni mia moja. Watu walilitoa katika namba ya kiwandani ya gari lenyewe. Corolla ya kwanza ilitoka mwaka 1966. Hii tunayoizungumzia ni ya kizazi cha saba, iliyotolewa Japani mwezi wa Juni 1991, na ile yenye buti la kawaida iliendelea kuundwa mpaka mwaka 1995, ilipopokewa na ile ya 110. Ilibuniwa wakati fedha zilikuwa nyingi mno huko Japani, kabla uchumi wao haujaanguka, na wenye kiwanda hawakubana matumizi. Ndiyo maana hata leo, baada ya miaka zaidi ya 30, utaona mlango wa Kikumi ukifungwa hutoa mlio mzito, si kama wa kopo. Jina hilo la Corolla lilikuja kulipita lile la Volkswagen Beetle kwa wingi wa magari yaliyouzwa duniani mwaka 1997, na mwaka 2021 Toyota ilitangaza kuwa zimetimia milioni 50 za vizazi vyote.

Mnunuzi na afungue boneti, atazame kibati kilichobanwa ukutani nyuma ya injini. Hapo atasoma herufi na tarakimu ambazo kwa gari ni sawasawa na cheti cha kuzaliwa. Pakiandikwa AE100, gari hilo lilizaliwa na injini ya petroli iitwayo 5A-FE, yenye ujazo wa sentimita 1498, yaani ile watu wanayoiita ya elfu na mia tano. AE101 kwa kawaida ni ya 4A-FE yenye ujazo wa 1587. EE101 ni ndogo, 4E-FE ya 1331. CE100 ni ya dizeli, injini ya 2C yenye ujazo wa 1974.

Mtu ataniuliza, haya ya herufi yamhusu nini mama anayetaka gari la kupelekea watoto zahanati? Yamhusu sana. Gari lenye umri huu huenda limekwisha kubadilishwa injini mara moja au mbili, na muuzaji anaweza kukuambia ni ya 1500 ilhali iliyomo ndani ni ya 1300. Siku utakapokwenda kununua kipuri kwa kufuata kibati, utarudi nyumbani na kitu kisichoingia. Kwa hiyo isome namba ya kibati, isome na namba iliyochongwa juu ya injini yenyewe, kisha uzilinganishe zote mbili na zile zilizoandikwa katika kadi ya gari. Zikihitilafiana, usilipe hata shilingi ya kishika nafasi mpaka hitilafu hiyo ielezwe kwa maandishi.

UZURI WAKE

Sifa ya kwanza ya gari hili ni kwamba halina siri. Injini yake ni ya silinda nne, kiwiliwili cha chuma na kichwa cha aluminiamu. Hutia mafuta kwa kompyuta ndogo wala si kwa kabureta, lakini kompyuta yenyewe ni ya zamani na haina mambo mengi. Fundi wa Mpigi ailewa, wa Lira ailewa, na kijana anayejifunza kazi chini ya mti huko Kasese ailewa pia, kwa sababu ndiyo aliyofundishiwa. Vipuri vyake, vipya na vilivyotumika, vimejaa katika soko la Kisekka mjini Kampala, na kile usichokipata hapo utakikuta kwa mtu aliyelichinja gari lake ili auze viungo.

Sifa ya pili inazihusu injini za petroli za herufi A, yaani zile za AE100 na AE101. Ndani yake kuna mkanda wa taimingi, ambao Wajapani husema ubadilishwe kila kilomita 100,000. Katika injini nyingi za magari mengine, mkanda huo ukikatika safarini, pistoni hugonga valvu na injini huharibika kabisa. Katika hizi, pistoni na valvu hazikutani. Langu liliwahi kunikatikia mkanda jioni ya mvua, nikiwa peke yangu nimepita Nsangi. Lilizima tu, kama mtu aliyepitiwa na usingizi. Nililala ndani ya gari, asubuhi fundi akaja na mkanda mpya ndani ya mfuko wa plastiki, na kabla ya adhuhuri nilikuwa barabarani. Laiti ungekuwa wa gari jingine, ningekuwa nazungumza habari za injini nzima.

Katika petroli si mlafi. Langu, ambalo ni AE100, hunipa kilomita 12 hivi kwa lita katika lami iliyonyooka, na tisa hivi nikiwa katika msongamano wa Kampala. Oili linachukua karibu lita tatu, na mtu mwenye mshahara wa serikali aweza kuzinunua kila baada ya kilomita 5,000 bila kukopa. Nalo ni fupi, mita nne na robo tu, kwa hiyo huingia katika njia nyembamba za kambini ambamo magari makubwa hukwaruza kuta.

GARI LISILONUNG'UNIKA

Ubaya wake mkubwa umezaliwa na uzuri huo huo. Kikumi halinung'uniki. Gari la siku hizi likiumwa kidogo huwasha taa tano, hulia, hata hukataa kuondoka. Hili hukubali. Utalitia maji ya dimbwi, litakwenda. Utalipitisha miezi minane bila oili mpya, litakwenda. Utalifungia waya kwa kamba ya katani, litakwenda, na kila siku liendapo mwenyewe huzidi kuamini kwamba si gonjwa. Kisha siku moja husimama, na siku hiyo huwa limekwisha kuugua muda mrefu.

Sasa nieleze habari ya kaka yangu. Yeye ni koplo, na alikuwa katika vikosi vya kulinda amani Somalia, ambako Uganda imepeleka askari tangu Machi 2007. Alinitumia shilingi milioni saba, akaniambia kwa simu: «Mdogo wangu, wewe ni mwalimu, tena unalo gari. Nitafutie lililo zima, mama watoto asihangaike na bodaboda na mtoto mgongoni.» Nilifurahi kuaminiwa. Nikatafuta majuma mawili, nikapata Kikumi jeupe, rangi yake inang'aa, viti havijapasuka. Nikalijaribu kwa muda wa saa nzima. Injini ilinong'ona. Na kilichonifurahisha kuliko vyote, mshale wa geji ya joto haukupanda. Ulikaa chini kabisa, karibu na herufi ya baridi, hata tulipopanda mlima. Nikamwambia fundi niliyekwenda naye, «Tazama, gari hili halijui hata kuchemka!» Tukacheka, tukalipa.

Ndugu msomaji, mshale ule ndio uliokuwa ukinipa habari, nami sikuusikia.

Katika injini hii kuna kilango kidogo ambacho mafundi hukiita themostati. Injini ikiwa baridi, kilango hufunga maji yasiende katika rejeta, ili ipate joto upesi. Maji yakifika nyuzi 82 hivi, hufunguka. Kwa hiyo injini yenye afya mshale wake hupanda polepole, hufika karibu na katikati, na hapo hutulia, jua liwake au mvua inyeshe. Mshale usiopanda kamwe maana yake ni kwamba kilango kimetolewa kikatupwa. Mafundi wetu wengi hukitoa. Husema kwamba hiki ni kitu cha Wazungu na Wajapani wenye theluji, na nchi ya joto haikihitaji. Wamekosea. Injini inayokwenda baridi siku zote huidanganya ile kompyuta, nayo hudhani kila wakati ndiyo kwanza asubuhi, ikazidisha petroli. Na fundi akikitoa, mara nyingi huwa anaficha kitu: gari lilikuwa likichemka, naye badala ya kutafuta sababu alifungua njia ili maji yapite ovyo.

Sababu yenyewe katika gari la kaka ilikuwa maji matupu. Kwa miaka mingi lilitiwa maji ya bomba bila ya dawa ya rejeta. Kutu ikala chuma cha injini, ikaelea, ikaziba mirija myembamba ya rejeta, ikatafuna na pampu ya maji. Hayo yote hayaonekani kwa kutazama rangi nyeupe.

Tulikaa nalo miezi mitano kwa amani. Shemeji alikuwa na leseni, akawa anawapeleka watoto shule. Kisha tukapata habari ya msiba upande wa Masaka, tukaondoka alfajiri. Shemeji ndiye aliyeshika usukani, mimi nikawa kando yake, na watoto watatu nyuma. Tulipita Mpigi, tukapita Mpambire wanapotengeneza ngoma, tukapita Buwama. Hapo shemeji akasema, «Nasikia harufu ya kitu kitamu, kama sukari inayoungua.» Nikautazama mshale. Ulikuwa chini kabisa, chini kuliko siku zote. Nikamwambia, «Mshale uko chini, shemeji. Endelea.»

Alinisikiliza kwa sababu mimi ni mwanamume, na ni mwalimu, na ndiye niliyelinunua gari. Kumbe maji yalikuwa yamekwisha. Pampu ilikuwa imeachia njiani, na kile kipimo kinachoupeleka mshale hufanya kazi kikiwa ndani ya maji. Maji yakiisha, hubaki katika hewa, na mshale huanguka wakati ule ule injini inapoungua. Tulikwenda hivyo kilomita nyingi. Karibu na Kayabwe, pale barabara inapokata mstari wa Ikweta, gari likaanza kugonga kama mtu anayepiga mlango kwa ngumi, kisha likanyamaza.

Jambo jema moja lilikuwa dereva wa lori aliyesimama. Alinikuta nimefunga kitambaa mkononi, nataka kukifungua kifuniko cha rejeta. Alinivuta kwa shati. Mvuke uliobaki mle ndani ungenichubua uso mzima, na mtoto wa pili alikuwa amesimama ubavuni kwangu. Tuliwaweka watoto kivulini, tukangoja saa nzima kabla ya kufungua chochote.

Kichwa cha aluminiamu kilikuwa kimepinda na gasketi imeungua. Kuvutwa hadi gereji, kusawazishwa kwa kichwa kwa mashine, gasketi, pampu, rejeta iliyotumika, themostati, oili na ujira wa fundi vilikula shilingi laki tisa na arobaini. Msibani hatukufika. Na ilinibidi mimi nimpigie simu kaka yangu Mogadishu.

MAJI, NA KITU KINACHOITWA PRESHA

Kwa kuwa nimelipia somo hili, nilieleze vizuri. Shuleni tulifundishwa kwamba maji huchemka kwa nyuzi 100. Hiyo ni kweli pwani. Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya bahari, na hapo maji yaliyo wazi huchemka kwa nyuzi 96 hivi. Huko Kabale, kwenye milima, ni chini zaidi. Lakini kifuniko cha rejeta cha gari hili kimetengenezwa kuzuia mvuke usitoke mpaka ufikie nguvu maalumu, na kwa kuzuiwa hivyo maji huvuka nyuzi 110 bila kuchemka. Kifuniko hicho bei yake ni ya sahani mbili za chakula. Mpira wake ukichakaa, gari huchemka mlimani hata kama kila kitu kingine ni kipya. Watu hubadilisha rejeta kabla ya kubadilisha kifuniko, mimi hustaajabu.

Dawa ya rejeta, ile ya rangi ya kijani au nyekundu, kazi yake si kuzuia barafu tu kama wengi wanavyodhani. Huzuia kutu, na huongeza kiwango cha kuchemka. Ukiwa umeikosa njiani tia maji safi ufike, lakini usiyafanye kuwa desturi.

Shemeji sasa ana utaratibu wake wa alfajiri, wala hauchukui dakika tatu. Kabla ya kuwasha, gari likiwa baridi, hufungua kifuniko cha rejeta na kuhakikisha maji yamefika shingoni. Hutazama chupa ya akiba. Huvuta kijiti cha oili, hukipangusa, hukirudisha, hukivuta tena. Oili ikionekana kama maziwa ya chai, gari haliondoki, kwa maana maji yameingia katika oili. Kisha huinama na kutazama ardhini penye matone. Mume akiwa kazini mbali, na kazi za askari zi mbali siku zote, mambo haya yafaa yajulikane na yule anayebaki na funguo, si na yule ambaye jina lake limeandikwa katika kadi.

BREKI NA IDADI YA WATU

Nimesema mengi juu ya maji kwa sababu maji hula fedha. Breki hula watu.

Kikumi liliundwa kwa watu watano, nalo lenyewe lina uzito wa tani moja hivi. Siku ya sikukuu tunaliona limebeba wanane, debe la mafuta ya kupikia, na mkungu wa matoke juu ya kifuniko cha buti kilichofungwa kwa kamba. Nyuma hulala chini, taa za mbele hutazama mbinguni. Wengine hutia vipande vya mpira katika springi ili linyanyuke. Gari hunyanyuka, lakini uwezo wa breki unabaki ule ule wa watu watano. Mbele breki zake ni za diski na nyuma ni za ngoma, na zile za nyuma husahaulika kwa kuwa hazionekani. Silinda zake ndogo huvuja, oili ya breki ikalowanisha viatu vya breki, na hutambui mpaka siku ya kushika kwa ghafla, ambapo gari huvuta upande mmoja. Oili ya breki hunyonya unyevu wa hewa, basi ibadilishwe kila miaka miwili hata kama haijapungua.

Tairi nazo zina cheti chao cha kuzaliwa. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne: 2319 maana yake juma la 23 la mwaka 2019. Tairi yenye meno mazuri lakini umri wa miaka 10 imekwisha kukauka, nayo hupasuka kwa joto la mwendo mkali. Wauzaji wa tairi zilizotumika hupenda kuelekeza upande huo wa tarakimu ndani.

Wala usisahau kwamba gari hili ni la zama zake. Mengi katika hayo yaliyokuja kwetu hayana mfuko wa hewa wa kumkinga dereva, wala breki za kuzuia tairi zisiteleze. Kinga ya familia ni mikanda tu, na mikanda ya nyuma katika magari mengi imezikwa chini ya vitambaa vya viti, mtu hajaigusa tangu Japani. Ifukue. Mtoto anayepakatwa mbele, kwangu mimi, ni kosa lisilo na udhuru, hata safari iwe ya kutoka kambini hadi sokoni. Na kwa safari za usiku katika barabara kuu, penye malori yasiyo na taa, mimi huliacha langu nyumbani nikapanda basi la mchana. Wenzangu hunicheka.

MENGINE MADOGO

Kutu huanza chini ya gurudumu la akiba na juu ya matairi ya nyuma. Magari yaliyotoka sehemu za Japani zenye theluji, ambako barabara humwagiwa chumvi, huwa yameliwa zaidi. Inua zulia la buti, gonga kwa kidole. Mpira unaofunika maungio ya ekseli za mbele ukipasuka, grisi hutoka na mchanga huingia, nawe utasikia «ka-ka-ka» kila upigapo kona. Kipoza hewa cha magari ya mwanzoni kilitumia gesi ya zamani ambayo nchi za dunia zilikubaliana kuiondoa kwa mapatano ya Montreal ya mwaka 1987, kwa hiyo muuzaji akikuambia kwamba «linahitaji gesi tu», jua kwamba ameanza kukudanganya. Fungua kioo.

Kuhusu bei, yapasa kukumbuka kwamba mwaka 2018 Bunge lilirekebisha sheria ya usalama barabarani, na magari yaliyotimiza miaka 15 tangu kuundwa yakazuiwa kuingizwa nchini. Kwa hiyo hakuna Kikumi jipya linalokuja kutoka bandarini. Kila linalouzwa limo humu humu miongoni mwetu, na yule anayekuambia kwamba lake «limeingia juzi» anasema habari ya namba za usajili au anasema uongo. Namba za usajili huonyesha lilisajiliwa lini hapa, hazionyeshi lilizaliwa lini.

Ushauri wangu kwa anayekopa katika chama cha akiba, awe askari katika Wazalendo au polisi katika Exodus, ni kwamba asitumie mkopo wote katika kununua. Mwenye milioni saba na atafute gari la milioni tano na nusu, na hiyo iliyobaki iwekwe kando, maana katika miezi mitatu ya kwanza itatakiwa: mkanda wa taimingi ambao hakuna ajuaye umri wake, oili zote, breki, tairi mbili, dawa ya rejeta. Mimi sikufanya hivyo. Nilitumia milioni sita na laki tisa, nikajisifu kwa kaka kwamba nimerudisha laki moja.

Kaka alirejea mwezi wa Machi. Alilizunguka gari mara mbili, akafungua boneti, akafunga, akasema kwamba sasa anataka kuliuza anunue lenye nafasi zaidi, kwa sababu watoto wamekuwa. Mnunuzi amekwisha kuja mara mbili na fedha mkononi. Mara zote mbili shemeji hakuonekana nyumbani, wala funguo hazikuonekana. Jumapili iliyopita nilipopita kuwasalimu, nilimkuta ameinama mbele ya gari lililo baridi, kifuniko cha rejeta kimo mkononi, anamwonyesha binti yao mkubwa mahali maji yanapopaswa kufika.